Ugonjwa wa sukari: seli mpya haziuzwi katika kopo

Habari za wagonjwa wa sukari walioacha sindano zinazunguka sana kwenye simu, na baadhi yake ni za kweli. Mwanamke mmoja wa Tianjin, Uchina, mwenye umri wa miaka 25, alitolewa seli za mafuta ya mwili wake mwenyewe. Watafiti wakazigeuza kuwa seli zinazotengeneza insulini, wakamrudishia tumboni Juni 2023. Siku 75 baadaye hakuhitaji tena insulini. Katika jaribio la kampuni ya Vertex, ya Marekani, lililotangaza matokeo Juni 2025, wagonjwa 12 walipewa dozi kamili. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuwa wakijidunga tena.

Wanaosambaza habari hizo huishia hapo. Wote hao wana sukari ya aina ya kwanza, ile ambayo kinga ya mwili inaua seli za kongosho. Wagonjwa walio wengi wana aina ya pili. Tena kinga ile ile hushambulia seli mpya, kwa hiyo wagonjwa wa Vertex wanameza dawa za kuituliza, na mmoja wa washiriki alikufa kwa meninjiti ya fangasi. Mwanamke wa Tianjin alikuwa tayari akimeza dawa hizo, kwa sababu alishapandikizwa ini. Kuzima kinga katika nchi yenye kifua kikuu kama Kongo si jambo la mchezo.

Nafasi hiyo ndiyo wanayoingilia wachuuzi wa vidonge vya «seli shina». Seli hai haikai ndani ya kopo juani. Na hata ingekaa, tumbo lingeisaga kama fufu. Mtu mzima mwenye aina ya pili anaweza kupoteza franka zake tu, ingawa nazo si kidogo. Mtoto wa aina ya kwanza ambaye mama yake ameambiwa aache sindano anaweza kufa kwa siku chache.

Insulini ilimwokoa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto mwaka wa 1922, na waliogundua waliuza haki zao kwa dola moja kila mmoja ili dawa iwafikie watu wote. Zaidi ya miaka 100 imepita. Kongo, familia bado zinaitafuta chupa kwa chupa, na pasipo umeme wa frigo wanaitunza katika chungu chenye maji.

Wizara ya afya haihitaji kungoja maabara za Uchina. Insulini na vipimo vya sukari vipatikane katika kila eneo la afya, kwa bei ambayo mama muuza ndizi anaiweza, na anayeuza kopo la «seli» aulizwe kibali chake kabla mtoto hajafikishwa hospitali akiwa hajitambui.