USIIKEMEE KELELE, INAMA UANGALIE



Wiki hii nilipanda Probox kutoka Nginyang kuja hapa Kapedo. Aliyeiuza alikuwa amekata springi za nyuma ili ikae chini kama za vijana wa mjini. Kila jiwe, ko! ko! Ndugu dereva akakemea, halafu akaongeza sauti ya nyimbo za sifa.

Mpendwa, si kila kelele ni pepo. Nyingine ni bushi.

Gari likigonga ukibeba watu tu, limeshuka mno, ekseli inafikia ile raba ya juu. Likigonga hata tupu kwenye vijiwe vidogo, kagua bushi na nati za shoki. Bonyeza kona ya nyuma kisha uachilie: likiendelea kuruka-ruka, shoki imekufa. Springi iliyokatwa nayo hulegea gurudumu likining'inia shimoni, na yaweza kuchomoka mahali pake. Hiyo badilisha, usiipige weldi.

Kupakia watu juu ya kelele unayoijua si imani. Ni kumjaribu Mungu. Barabara yetu mnaijua. Gari likikwama jioni, wanaolala porini ni akina mama na watoto.

Mithali 27:23 inatutaka tujue hali ya mifugo yetu. Dereva, wako una magurudumu manne.

Na moyoni je? Kuna kelele unayoifunika kwa nyimbo? Mwambie Yesu leo.

Andika AMINA, kisha umtumie dereva mmoja. Barikiwa.