UKURASA WA WAZAZI: Safari ya Chuo Kikuu Huanzia Sekondari



Hapa Tumati tunalima mahindi na maharage, tunafuga ng'ombe. Wengi wetu huuza ng'ombe ili mtoto asome. Ni jambo jema. Lakini ng'ombe akishauzwa harudi zizini. Basi kwanza tujue mtoto anataka kazi gani, na kazi hiyo inadai masomo gani.

Chuo kikuu hutoa shahada, yaani digrii. Shahada ni nyingi, na masharti yake hayafanani. Tulinganishe tatu.

Ya kwanza ni udaktari wa binadamu. Husomwa kwa miaka 5. Baada ya hapo kuna mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Mtoto anayetoka Kidato cha Sita lazima awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia. Somo moja likikosekana, mlango umefungwa, hata kama mengine amepata A.

Ya pili ni kilimo. Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichopo Morogoro, hufundisha shahada hiyo kwa miaka 3. Mtoto aliyefaulu Kemia, Biolojia na Jiografia anaweza kuomba. Chuo hicho hufundisha pia udaktari wa mifugo, lakini huo ni wa miaka 5.

Ya tatu ni ualimu wa sekondari. Husomwa kwa miaka 3. Mtoto aliyefaulu Historia, Jiografia na Kiswahili anaweza kuomba. Lakini huyo hawezi kuomba udaktari.

Mmeona? Mlango haufungwi chuoni. Hufungwa mapema, siku mtoto anapochagua masomo. Akiacha Fizikia na Kemia sekondari, ameacha na udaktari. Kwa hiyo mwulizeni mtoto mapema, na mwulizeni mwalimu wake.

Sasa chukua kalamu tuhesabu. Katika Kidato cha Sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Kwa kawaida chuo kikuu hutaka masomo mawili yanayohusu shahada hiyo, na jumla isipungue pointi 4. Mtoto mwenye D na D ana pointi 4. Anaweza kuomba. Mwenye D na E ana pointi 3. Hazitoshi. Shahada nyingine, kama udaktari, hudai zaidi.

Je, asiyefika Kidato cha Sita amekwisha? La. Anaweza kusoma stashahada, kwa mfano katika chuo cha mifugo au cha uuguzi. Akifaulu vizuri, wastani wa 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada inayohusu fani yake. Njia hii ni ndefu, lakini nayo hufika.

Kuhusu fedha, iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mkopo si zawadi, hulipwa. Tena si kila aombaye hupata. Weka akiba.

Mwisho, jihadhari na matapeli. Mtu akikuambia, "Nipe fedha, nitamwingiza mwanao chuoni," usimpe. Mtoto huomba mwenyewe katika chuo. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo. Ndani yake kila chuo na kila shahada imeandikwa na masharti yake. Masharti hubadilika, hivyo someni kitabu cha mwaka huohuo. Mtoto na akusomee, nawe usome naye.

Maneno ya kujifunza
Shahada: cheti cha chuo kikuu, digrii.
Stashahada: cheti kilicho chini ya shahada, diploma.
Masharti: mambo ambayo lazima yatimizwe.

Maswali ya kujadili
1. Mtoto amepata C na E katika masomo mawili. Ana pointi ngapi? Zinatosha kuomba?
2. Kijijini kwetu tunahitaji zaidi daktari wa binadamu, daktari wa mifugo, bwana shamba au mwalimu? Kwa nini?
3. Mtoto wako anasoma masomo gani sasa? Yanafungua milango ipi?