Betri ya saa ya kompyuta: ikiisha kazi, hatari yake haijaisha

Umewasha kompyuta ya nyumbani ili mtoto afanye kazi ya shule. Saa kwenye kona ya skrini inaonyesha mwaka ambao huyo mtoto hajazaliwa. Unairekebisha, kesho yake imerudi kulekule. Ukijaribu kuingia mtandaoni, tovuti zinagoma kufunguka na kukuonya kwamba si salama. Wazazi wengi hapo husema kompyuta imeingiwa na virusi.

Mara nyingi mkosaji ni betri ndogo iliyobanwa kwenye madabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba saketi za kompyuta. Ni ya duara, bapa, inang'aa kama sarafu. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea na kutunza mipangilio michache ya kuwashia wakati kompyuta imechomolewa kwenye umeme. Hudumu miaka kadhaa, na kompyuta inayokaa muda mrefu bila umeme huimaliza mapema.

Tovuti nazo zinagoma kwa sababu kila moja ina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba bado tuko mwaka 2009 huona cheti hicho hakijaanza kutumika.

Picha zako na kazi za mtoto hazipotei, kwa kuwa zimehifadhiwa kwenye diski, si kwenye betri hiyo. Fundi huibadilisha kwa dakika chache na kwa gharama ndogo. Kabla hujakubali kubadilishiwa madabodi, mwambie aanze na betri.

Sasa tuje kwenye afya. Ile betri iliyotolewa imekwenda wapi? Mara nyingi huachwa mezani, hutupwa kwenye droo au kwenye ndoo ya taka isiyo na mfuniko. Mtoto anayetambaa huiona kitu kizuri cha kuweka mdomoni.

Inayotumika zaidi kwenye kompyuta imeandikwa CR2032. Ina upana wa milimita 20, hivyo inaweza kukwama kwenye umio wa mtoto mdogo, ile njia ya kupeleka chakula tumboni. Ikikwama, mate huunganisha pande zake mbili na umeme huanza kupita. Umeme huo hutengeneza kemikali kali ya jamii ya kostiki soda inayotumika kutengeneza sabuni, nayo huunguza nyama laini ya umio. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Yanaweza kutoboa umio, hata kufikia mshipa mkubwa wa damu, na watoto wamekufa kwa sababu hiyo.

Msidanganywe na neno “imekufa”. Betri iliyoshindwa kuendesha saa ya kompyuta bado inaweza kuwa na umeme wa kutosha kumuunguza mtoto.

Dalili zake

Ugumu ni kwamba dalili hufanana na za mafua au tonsesi: kutokwa na udenda, kukohoa, kukataa kula, kutapika, kulia akimeza, homa. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Kutapika damu ni dalili ya hatari kubwa.

Ukihisi amemeza

Usisubiri itoke kwenye choo. Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei na useme wazi: “Nadhani amemeza betri.” Kwenye picha, betri hufanana na sarafu, kwa hiyo maneno yako yatamsaidia daktari. Kama una betri nyingine ya aina hiyo au pakiti yake, ibebe.

Usimtapishe, wala usimpe maziwa, maji au chakula. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, wataalamu wa sumu Marekani wanashauri apewe asali, vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita. Asali hupunguza kasi ya kuungua, lakini haiitoi betri, hivyo ilambwe njiani. Kama haipo karibu, msiitafute, nendeni. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Akiiweka puani au sikioni ni dharura vilevile. Usitie dawa ya matone.

Nyumbani

Fundi akibadilisha betri, mwombe ya zamani mkononi. Ifunge pande zote mbili kwa gundi ya karatasi, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, juu wasikofika watoto, kisha uipeleke kwa fundi au duka linalopokea betri chakavu. Mpya ibaki kwenye pakiti yake hadi dakika ya kuiweka.

Halafu zunguka nyumba. Betri za namna hii zimo pia kwenye remoti, mizani ya jikoni, vipimajoto, saa, kadi za sherehe zinazoimba na midoli ya kuwaka taa. Kifuniko kisicho na skrubu kifunge kwa gundi ya karatasi leo. Na dada wa kazi, bibi na kaka zake mtoto waelezwe pia, maana wao ndio mara nyingi huwa naye wewe ukiwa kazini.