Aulizwe Mwenyewe

Leo naanza kwa kukiri kosa langu, maana mwenye kutaka kuwanasihi watu na ajinasihi nafsi yake kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Ngomeni, katika Magarini, kutafuta habari za wavuvi. Pale ufukoni, chini ya mkungu, nilimkuta mtu mzima ameketi juu ya jamvi, miguu yake imesinyaa tangu utotoni. Kando yake palikuwa na kiti cha magurudumu kilichoingia kutu. Nilimwamkia, akaniitikia, nikaenda zangu. Niliporudi mjini nikaandika. Nikamwita "maskini asiyejiweza", nikawaomba wenye kheri wamkumbuke katika sadaka zao. Usiku ule nililala usingizi mzuri, nikidhani nimechuma thawabu.

Haukupita muda nikapita tena Ngomeni. Yule bwana aliponiona akanipungia mkono.

"Karibu, Maalim. Nimesomewa uliyoandika juu yangu."

Nikatabasamu, nikingoja shukrani.

"Siku ile uliponipita, nilikuwa nafanya nini?"

Nikajikuna kichwa, nisikumbuke.

"Nilikuwa nashona jarife. Nyavu za nusu ya mji huu zapita katika mikono hii. Nina mke na watoto, na sindano hii ndiyo iwalishayo. Nawe wanita asiyejiweza. Mbona hukuniuliza?"

Wallahi, sikuwa na jawabu. Nikatafuta pa kujificha, nikauliza habari za kile kiti. Akacheka. Kililetwa na mheshimiwa mmoja, kukawa na hotuba na picha. Magurudumu yake ni membamba, yametengenezwa kwa sakafu na lami, na mchanga wa Ngomeni huyameza hadi katikati. "Ningaliulizwa," akasema, "ningaliomba baiskeli ya kuendesha kwa mikono, yenye mipira minene. Sasa kuku ndio wanaotagia humo."

Tangu siku hiyo neno lile, "mbona hukuniuliza", halijaniondoka. Nami nathubutu kusema kuwa ndilo neno zima la haki za watu wenye ulemavu. Mengine yote ni ufafanuzi.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu tukiyumbayumba na juzuu zetu, jambo hili halikupasa kuwa geni kwetu. Nani katika sisi hakuihifadhi Surat Abasa? Tuliisoma tukiwa na meno ya utotoni. Sura ile imeteremka kwa ajili ya mtu asiyeona, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyemwendea Mtume, sala na salamu zimshukie, kutaka elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Mtume akakunja uso, na Mola akamkumbusha kuwa huyu aliyekuja mbio akitafuta uongofu ndiye wa kusikilizwa.

Lakini mara nyingi sisi huishia hapo, tukaichukua sura kuwa ni ya kuwahurumia vipofu. Tumfuate Ibn Ummi Maktum katika maisha yake mengine. Ilipoteremka aya ya kulinganisha wanaokwenda jihadi na wanaokaa nyumbani, ni yeye aliyesimama akauliza: nami nisiyeona, ambaye lau ningeweza ningetoka? Hapo hapo yakateremka maneno ya kuwatoa wenye udhuru. Siku nyingine aliomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kukosa wa kumshika mkono. Mtume alimruhusu, kisha akamwita akamuuliza: je, waisikia adhana? Akasema naam. Akaambiwa basi itikia.

Tazameni, ndugu zangu. Mara moja aliuliza akapewa haki, mara nyingine aliuliza akapewa wajibu. Mara zote mbili ni yeye mwenyewe aliyesema, na ni yeye mwenyewe aliyejibiwa. Hakuitwa nduguye kumsemea. Tena mtu huyu aliadhini Madina pamoja na Bilali, na Mtume alipotoka safari alimwachia mji mara kadhaa. Sisi tumeibakisha sadaka ya Ijumaa mlangoni pa msikiti, tukayaacha mashauri.

Kuna wasemao kuwa Kiswahili chenyewe kimewaonea wenzetu hawa, kikawaweka katika ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, sawa na kiti na kikombe. Mimi ni mtu wa mashairi, na maneno ndiyo jembe langu, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo. Hoja ina uzito, lakini haikukamilika. Kiongozi naye ameanza kwa ki, na kijana, na kinyozi. Wala hakuna Mswahili asemaye "kipofu kimekuja". Husema "kipofu amekuja". Sarufi ya wazee ilimwachia utu wake. Anayemnyang'anya utu huo ni msemaji, pale anapoliacha jina la mtu alilopewa na babake, akamwita kwa kilema chake mtaa mzima hadi watoto wakalisahau jina lenyewe.

Hata methali zetu zataka kusikizwa upya. Twasema "hujafa hujaumbika", na makusudio ni mema, kumzuia mtu asicheke. Lakini jaribu kuisikiza kwa sikio la anayezungumziwa. Yeye ameumbwa tayari, yupo, anakusikia, nawe wamfanya kitisho cha kuwatishia wazima. Mimi nachagua methali nyingine: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hii ndiyo inayompa mwenye jambo nafasi ya kusema.

Tena jambo la majina limekwisha kuwa sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kufika mahali pote pa watu wote, kupanda vyombo vya abiria, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara au maandishi ya nukta nundu.

Wala haki hizi hazikudondoka kama embe lililoiva. Vipofu wa Kenya waliunda umoja wao mwaka 1959, bendera ya Mwingereza ikipepea bado. Mwaka 1964, uhuru ukiwa mchanga, wakaandamana Nairobi kudai wasikilizwe. Mwaka huo huo serikali ikaunda kamati chini ya Waziri Ngala Mwendwa kuchunguza hali za watu wenye ulemavu. Ng'ambo kwa jirani zetu wa Unguja na Pemba, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulianzishwa mwaka 1985. Kenya ikapata sheria yake mwaka 2003, ikauridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2008, na mwaka 2025 ikatiwa saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Mswada wake ulibebwa na Seneta Crystal Asige, mwimbaji asiyeona. Kila hatua ina watu wenyewe waliosimama wakasema.

Na watu wa Magarini, kuliko wote, ndio wanaopasa kulielewa hili upesi. Nani asiyeujua hapa ule mradi mkubwa wa makazi? Ulianza katika miaka ya 1970 kwa fedha za Australia. Wataalamu walikuja na ramani zao, msitu ukafyekwa, mashamba yakapimwa kwa mistari, na Wagiriama waliokuwa wakiishi pale na kulima kwa desturi zao wakafanywa wanafunzi katika ardhi yao. Maji yaliyotegemewa chini ya ardhi hayakupatikana kama ilivyotarajiwa. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 wageni wakaondoka. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson wakatoa kitabu kizima kueleza jinsi nia njema ilivyopotea njia. Watu wazima wenye macho na miguu yao walifanyiwa mambo bila kushauriwa, na hadi leo wazee wananung'unika. Basi vipi sisi tuliotendewa hivyo tuwatendee hivyo hivyo walio majumbani mwetu?

Maana ni majumbani ndiko jambo hili lianziako. Katika sensa ya mwaka 2009 ilihesabiwa kuwa Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Mwaka 2019, kwa watu wa umri wa miaka 5 na zaidi, ikatoka asilimia 2.2. Ni kweli kwamba maswali hayakuwa yale yale. Lakini mimi nauliza swali la kishamba: karani wa sensa alipobisha hodi, aliyemjibu ni nani? Kwa kawaida ni mkuu wa nyumba. Na wakuu wa nyumba wangapi wana mtoto chumba cha nyuma ambaye wageni hawamjui? Akifika mtu wa serikali, mtoto hatajwi. Asiyetajwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi shule wala dawa. Shule zenyewe ziko mbali nasi: wa viziwi ni Kibarani huko Kilifi, na wa vipofu ni Likoni, ng'ambo ya kivuko. Mtoto wa Marafa au Adu hafiki huko ila mzazi wake amtoe kwanza uani.

Ziko pia zile shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wenye ulemavu mkubwa. Mara nyingi mlezi ndiye anayezipokea. Walezi wema ni wengi, na Mola awalipe. Lakini katika baraza moja nilimsikia mwanamke wa magongo akisimama mbele ya watu na kusema kuwa amejua habari za fedha zake siku hiyo hiyo, na wa kuzichukua ni ndugu wa tumbo moja. Baraza likanyamaza kimya. Mzee mmoja akamwambia, "Keti, mwanangu, mambo ya nyumba yasemwe nyumbani." Akajibu, "Nyumbani, baba, ndiko nisikosikizwa."

Nitaulizwa: na asiyeweza kusema je? Wapo kweli ambao ulimi au akili haiwafikishi. Lakini mama wa mtoto kiziwi anajua ishara zote za mwanawe, ya njaa, ya homa, ya kukataa. Alizijua kwa kumtazama na kumngoja. Nasi tungoje kama mama yule, kabla hatujasema kwa niaba ya mtu.

Kwa hiyo naomba mambo machache, tena ya hapa hapa petu. Kamati za misikiti ziketi na waumini wenye ulemavu na kuwauliza habari za ngazi, mahali pa kutawadhia, na hotuba ya Ijumaa ambayo kiziwi huitazama tu kama picha. Nimeona mtu akizuiwa mlangoni kwa hoja kuwa magurudumu yake ni machafu. Mbona miguu yetu huingia michafu hadi pa kutawadhia, ikaoshwa? Gurudumu nalo huoshwa. Machifu wanapoitisha baraza, mwenye ulemavu asiwekwe mbele kwa ajili ya picha kisha asipewe kipaza sauti. Na sisi waandishi tuikome tabia ya kupiga picha ya mguu tukamsahau mwenye mguu.

Mwezi uliopita nilirudi Ngomeni na karatasi hizi mkononi. Niliketi juu ya jamvi nikamsomea yule bwana yote, neno kwa neno, naye akiendelea na jarife lake. Palikuwa na sentensi moja ya kumsifu kwa subira yake. Akaniambia niifute.

"Subira gani, Maalim? Mimi nipo kazini."

Nikaifuta. Kisha nikamuuliza ataka niandike yeye ni nani. Akakata uzi kwa meno, akanitazama.

"Andika fundi."