Heliamu ya Rukwa Ilifae Taifa Kwanza

Katika nyanda za juu za Ufipa yangali yapo mabaki ya matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu. Wahunzi wa Kifipa walichimba mawe yenye chuma katika ardhi yao wenyewe, wakachoma mkaa kwa miti ya misitu yao, wakayeyusha mawe hayo katika malungu yaliyozidi kimo cha mtu na yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Baada ya hapo walikisafisha chuma katika tanuri dogo kwa nguvu ya mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Jembe hilo lililima ulezi, lilitolewa mahari, na liliuzwa hata nje ya Ufipa. Mfipa hakuuza mawe; aliuza jembe.

Moto wa malungu ulizimika wakati wa ukoloni, majembe rahisi ya viwanda vya Ulaya yalipojaa madukani. Utaalamu uliokuwa umerithishwa kwa vizazi vingi ukakosa mrithi. Yafaa historia hiyo ikumbukwe leo, maana chini ya nyanda hizo hizo, ng'ambo ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa, imeonekana mali nyingine ambayo ulimwengu wa viwanda unaihitaji sana. Mali hiyo ni gesi ya heliamu.

Mwaka 2016 wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde hilo lina heliamu nyingi. Walieleza kuwa joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoifungua gesi hiyo kutoka katika miamba ya kale sana. Katika nchi nyingi heliamu hupatikana kidogo kidogo, ikiwa imechanganyika na gesi asilia inayochimbwa kwa ajili ya nishati. Heliamu ya Rukwa hutoka pamoja na naitrojeni, na majaribio ya kisima cha Itumbula, kusini mwa bonde, yalionyesha mwaka 2024 kiwango cha zaidi ya asilimia 5. Mwaka 2025 Serikali ilitoa leseni ya uchimbaji kwa eneo hilo la kusini. Kwa hiyo jambo hili si ndoto tena, na wakati wa kulifikiria ni sasa, kabla mtungi wa kwanza haujavuka mpaka.

Huenda mtumishi wa umma akauliza heliamu inamhusu nini yeye anayekaa ofisini Sumbawanga. Jibu limo katika simu iliyo mezani pake, katika kompyuta anayohifadhia mafaili, katika gari la idara na katika mashine za hospitali. Vyote hivyo huendeshwa na chipu, yaani vipande vidogo vya silikoni vilivyochorwa njia za umeme nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Kiwandani, kipande hicho huchongwa ndani ya chumba kisicho na hewa ya kawaida, na heliamu hupitishwa nyuma yake ili kuondoa joto kwa usawa. Gesi hiyo haiungani na kitu chochote, tena hupitisha joto upesi. Ndiyo pia inayopoza sumaku za mashine za MRI, kwa kuwa ikigeuzwa kuwa kimiminika hufikia baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri.

Mataifa makubwa yamekwisha kuujua umuhimu huo. Marekani ilianzisha akiba ya taifa ya heliamu huko Texas mwaka 1925, ikaitunza kwa karibu miaka mia kabla ya kuiuza kwa kampuni binafsi mwaka 2024. Mwezi Juni 2017, Qatar ilipofungiwa mipaka na jirani zake, mitambo yake ya heliamu ilisimama, na wanunuzi wa dunia nzima wakahangaika. Kati ya mwaka 2020 na 2022 upungufu wa chipu ulisimamisha viwanda vya magari Ulaya, Marekani na Asia. Mwaka 2022 Marekani ikatunga sheria ya kutoa zaidi ya dola bilioni 50 ili chipu zitengenezwe nchini mwake. Ikiwa taifa tajiri kiasi hicho linaogopa kutegemea viwanda vya wengine, taifa lenye malighafi adimu halina sababu ya kuitoa kwa bei ya kutupa.

Wapo wasemao kwamba Tanzania ijenge kiwanda cha chipu mara moja. Nia yao ni njema, lakini hesabu haikubali. Kiwanda cha kisasa cha aina hiyo hugharimu mabilioni mengi ya dola, huhitaji maji safi kupita kiasi, umeme usiokatika hata kwa sekunde, na maelfu ya wataalamu waliobobea. Sumbawanga yenyewe kwa miaka mingi ilitegemea umeme kutoka Zambia, na ndiyo maana mradi wa njia kuu ya umeme kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ni wa lazima. Wapo pia wasemao kwamba gesi iuzwe tu kama ilivyo, fedha ziingie, basi. Hao ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa shauri lao ni rahisi kulifuata.

Njia ya haki iko katikati, nayo ina ngazi zinazopandika. Ngazi ya kwanza ni kuisafisha na kuigandamiza heliamu humu humu nchini, kisha kuifanya kimiminika, maana thamani kubwa huongezeka hapo. Sheria za mwaka 2017 zilikwisha kutamka kwamba maliasili ni mali ya wananchi, na kwamba Serikali ipate hisa isiyopungua asilimia 16 katika uchimbaji mkubwa wa madini. Kilichobaki ni kuhakikisha kila mkataba unataja pia idadi ya mafundi wa Kitanzania watakaofunzwa, na sehemu ya gesi itakayobaki kwa ajili ya hospitali na maabara za nchi.

Ngazi ya pili ni ya ufundi wa chipu wenyewe, kuanzia kazi zisizohitaji mtaji wa kutisha. Penang, nchini Malaysia, ilianza mwaka 1972 kwa kuunganisha na kupima chipu zilizotengenezwa kwingine. Leo Malaysia ni miongoni mwa vituo vikubwa vya kazi hiyo duniani. Karibu zaidi, huko Nyeri, Kenya, ipo karakana ya semikonda katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Nchi za Afrika Mashariki zingeweza kugawana kazi, huyu akatoa gesi na yule akatoa karakana, badala ya kila moja kubisha peke yake mlangoni kwa mgeni.

Lakini ngazi zote hizo zinaanzia darasani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, vyuo vya VETA na shule za sekondari za mkoa ndivyo vitakavyoamua kama kijana wa Mwimbi atakuwa mtaalamu wa mtambo au mlinzi wa lango lake. Mwalimu wa fizikia anayefundisha bila maabara hawezi kulaumiwa matokeo yakiwa hafifu, na afisa anayepitisha bajeti ya elimu bila kutenga fungu la vifaa hivyo ajue kwamba anaamua pia nani atanufaika na heliamu. Mkono usiozoea kushika chombo cha kupimia leo hautaaminiwa kuendesha mtambo kesho.

Heliamu ina tabia moja inayopasa kuwa onyo. Ikitoroka, haikamatiki, hupanda angani na hatimaye huiacha dunia kabisa. Mahindi ya Ufipa yakiuzwa kwa hasara mwaka huu, mwakani yatalimwa mengine. Gesi hii ilikusanyika kwa mamilioni ya miaka, na haitapandwa upya. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Malungu yalizimwa na nguvu ambazo Wafipa wa wakati ule hawakuwa na uwezo wa kuzizuia. Watanzania wa leo wana Bunge, wana sheria na wana vyuo. Wakiiacha heliamu iondoke kama jiwe lisilofuliwa, hawatakuwa na mkoloni wa kumlaumu.