Hamu Hakulaaniwa

Hamu hakulaaniwa. Naliandika hilo katika mstari wa kwanza kwa sababu kuanzia Makobola hadi Kazimia, katika pwani yetu ya Fizi, mashariki ya Kongo, katika makanisa ya matofali na ya turubai, katika vyumba vya maombi, kwenye matanga, hata ndani ya maboti yanayotoka Uvira, Wakristo wenzangu wameshika kinyume chake kama vile ni sehemu ya kanuni ya imani. Wanasema Nuhu alimlaani Hamu, Hamu ndiye baba wa watu weusi, na kwa hiyo vita vyetu, njaa yetu, barabara zetu mbovu na viongozi wetu wezi ni matunda ya laana hiyo. Mhubiri akitamka hivyo, kanisa zima linaitikia amina. Amina hiyo inaniuma kuliko jambo lolote jingine katika ibada zetu.

Mwenye Biblia aifungue Mwanzo sura ya 9, kuanzia mstari wa 18, asome polepole. Nuhu amepanda mizabibu, amekunywa divai, amelewa, amelala uchi hemani mwake. Hamu anauona uchi wa baba yake na kutoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanaingia kinyumenyume, wanamfunika mzee. Nuhu anaamka, anatambua alichotendewa, anatamka laana. Anamlaani nani? Kanaani, mtoto wa Hamu. Jina la Kanaani limo mara tatu katika laana ile. Jina la Hamu halimo hata mara moja.

Sura ya 10 inataja wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Watatu wa kwanza hawakuguswa na neno lolote la Nuhu. Kushi ndiyo nchi ya Nili iliyo kusini mwa Misri, katika Sudani ya leo, na kila mara Biblia inapozungumza juu ya watu ambao sisi tungewaita weusi, inazungumza juu ya Wakushi. Kanaani naye amewekewa mipaka waziwazi katika sura hiyohiyo: kutoka Sidoni hadi Gaza, na kuelekea Sodoma. Huko si Afrika. Katika wana wote wa Hamu, aliyelaaniwa peke yake ndiye ambaye ukoo wake haukukaa katika bara letu. Na kama laana ya utumwa ingewahusu watoto wote wa Hamu, basi Misri isingewatumikisha wana wa Israeli. Wana wa Israeli ndio wangewatumikisha Wamisri.

Kwa nini Kanaani, basi, wakati kosa ni la baba yake? Hapo ndipo historia inapomsaidia msomaji. Waisraeli waliohifadhi habari hii walikaa nchi moja na Wakanaani, wakapigana nao, wakaogopa kuiga miungu yao. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 9, kinaeleza kwamba Sulemani aliwatia mabaki ya watu hao katika kazi ya shokoa. Mwisraeli aliyesikia habari ya hema la Nuhu alielewa mara moja inamhusu jirani gani. Rangi ya ngozi haikumjia akilini, wala haitajwi popote katika habari ile.

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wa kale waliliona na sisi tunalipita. Sura hiyo ya 9 inaanza kwa Mungu kumbariki Nuhu pamoja na wanawe, Hamu akiwemo. Katika mapango ya Qumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, kulipatikana tangu mwaka 1947 magombo ya Wayahudi wa karibu na zama za Yesu. Gombo moja, ambalo wataalamu wanaliita 4Q252, linajibu swali letu moja kwa moja: Nuhu hakumlaani Hamu kwa sababu Mungu alikwisha kuwabariki wana wa Nuhu. Miaka 2000 iliyopita Wayahudi waliliona hilo bila shida. Sisi, wenye Biblia nyumba hata nyumba, tunashindwa.

Tufuate ukoo wa Kushi tuone kama una dalili ya laana. Nimrodi, mtoto wa Kushi, ndiye mfalme wa kwanza mwenye nguvu anayetajwa katika Biblia. Mke wa Musa alikuwa Mkushi. Miriamu alipomsema vibaya Musa kwa ajili yake, aliyepigwa kwa ukoma ni Miriamu. Lakini mimi nampenda zaidi Ebedmeleki, na nashangaa kwamba kwaya zetu, zinazoimba juu ya kila mtu, hazimwimbi. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, nabii Yeremia ametupwa kisimani na kuzama katika matope, wakuu ndio waliomtupa. Mkushi huyu anakwenda kwa mfalme, anamkabili, anapewa watu 30. Kabla ya kuteremsha kamba, anatafuta matambara mabovu na kumwambia nabii ayaweke makwapani ili kamba zisimchubue. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja wa kufikiria makwapa ya mfungwa, naye alikuwa Mkushi. Sura ya 39 ya Yeremia inaeleza kwamba Mungu alimwahidi usalama siku ya mji kutekwa, kwa sababu alimtumaini. Aliyelaaniwa haahidiwi hivyo.

Na Kanaani mwenyewe je? Rahabu wa Yeriko, Mkanaani, yumo katika ukoo wa Yesu, Mathayo sura ya 1. Hata laana ile moja iliyotamkwa haikudumu mbele ya neema.

Nasikia wahubiri wakisema kwamba dhambi ya babu hufuata damu. Maneno hayo si mapya. Watu wa Yuda waliohamishwa Babeli, karne ya 6 kabla ya Kristo, walikuwa na msemo wao kwamba baba wakila zabibu mbichi, meno ya watoto ndiyo yanayotiwa ganzi. Walikuwa wamepoteza nchi, hekalu na wafu wao, wakawatupia mababu lawama yote. Ezekieli, aliyekuwa mkimbizi kati yao, aliambiwa na Mungu auzime msemo huo: mwana hatabeba uovu wa baba. Sura ya 18 nzima ni juu ya hilo, na ilihubiriwa kwa wakimbizi. Kwa sisi ambao karibu kila ukoo umewahi kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma au kambi ya Nyarugusu, ni sura iliyoandikwa kama kwa anwani yetu. Paulo akaongeza kwa Wagalatia kwamba Kristo aliibeba laana juu ya mti. Anayemwambia muumini aliyebatizwa kwamba bado yumo chini ya laana ya Hamu amepunguza kazi ya msalaba. Na anayempokea mama mjane bahasha ya dola ili aivunje laana hiyo amemwibia mara mbili, mfuko wake na Injili yake.

Fundisho hili lilitoka wapi, ikiwa halimo katika Biblia? Lilitoka sokoni. Karne ya 15, Wareno walipoanza kubeba watumwa kutoka pwani za Afrika, mwandishi wao Gomes Eanes de Zurara aliitaja laana ya Nuhu kama sababu ya watu weusi kutumikishwa. Wenye mashamba ya Marekani waliishikilia hadi karne ya 19. Upande wa Waislamu ilikuwa imezunguka hata kabla ya hapo, na nao walipata wa kuipinga: Ibn Khaldun wa Tunisi aliikana mwaka 1377 akisema rangi ya mtu hutokana na hali ya hewa ya nchi yake, na Ahmad Baba wa Timbuktu akaikana tena mwaka 1615 alipoulizwa juu ya utumwa. Sisi tuliovushwa kutoka ufuko huu kwenda soko la Ujiji tulipaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Badala yake tuliipokea pamoja na katekisimu, hata kutoka kwa watu waliotupenda kweli. Daniele Comboni, ambaye leo ni mtakatifu wa Kanisa Katoliki, aliwaombea watu weusi wa Afrika ya Kati mbele ya Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870, na katika ombi lake laana ya Hamu imo kama jambo linalojulikana. Upendo wake haukuifanya tafsiri yake kuwa sahihi.

Kisha uongo ukageuka, na hapa watu wa Fizi na Baraka wasikilize vizuri, maana mgeuko huo ulipita mbele ya milango yetu. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita kwa mitumbwi pembeni ya rasi ya Ubwari wakienda Uvira. Ghuba iliyo mbele ya Baraka ingali na jina la Burton katika ramani. Speke alirudi baadaye kwenye maziwa makuu kwa safari nyingine, na mwaka 1863 akachapisha kitabu. Humo aliwaona Waafrika kuwa watoto wa Hamu aliyelaaniwa, lakini pia akadai kwamba wafalme na wafugaji wa maziwa makuu ni uzao mwingine, walioshuka kutoka Uhabeshi. Wazungu, waliokuwa wameshangazwa na Misri ya mafarao tangu jeshi la Napoleon liingie huko mwaka 1798, hawakukubali kwamba mtu mweusi anaweza kujenga dola. Basi Hamu aliyekuwa mlaaniwa akafanywa mtawala mwenye damu bora. Mwaka 1930 mwanaanthropolojia Charles Seligman aliandika kwamba ustaarabu wote wa Afrika ni wa Wahamu. Wabelgiji wakatawala Rwanda na Burundi kwa fikra hiyo, na ikavuka mto Ruzizi ikaja kwetu.

Leo iko midomoni mwa pande zote mbili hapa kwetu, Wabembe na Banyamulenge wafugaji. Mbembe mmoja anamwambia Munyamulenge: wewe ni Mhamu, rudi Uhabeshi. Munyamulenge mwingine anajibu kwa majivuno kwamba yeye ni Mwisraeli wa damu. Wote wawili wanamnukuu Speke na kudhani wananukuu Mwanzo. Kibembe na Kinyamulenge ni lugha za jamii moja, za Kibantu zote mbili. Hakuna hata moja kati ya makabila haya lililotajwa katika sura ya 10 ya Mwanzo, ambayo haijui nchi za kusini mwa Kushi. Nabii Amosi, sura ya 9, anafunga midomo hiyo yote miwili: Mungu anawauliza Waisraeli kama mbele zake wao si sawa na Wakushi, kisha anawakumbusha kwamba yeye huyohuyo aliwatoa Wafilisti Kaftori na Waaramu Kiri. Kila taifa lilitoka mahali, na Mungu ndiye aliyeliongoza. Ambaye angependa kumfukuza jirani yake kwa kutumia Biblia anakutana na mstari huo.

Najua nitajibiwa. Watanitupia yale ya Paulo katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 3, kwamba andiko huua bali Roho huhuisha, na kusema kwamba historia ni elimu ya dunia. Wasome sura hiyo hadi mwisho: Paulo analinganisha agano lililochorwa kwenye mawe na agano jipya, halinganishi msomaji na asiyesoma. Paulo mwenyewe alisomeshwa miguuni pa Gamalieli, na akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee vitabu vyake. Towashi wa Matendo sura ya 8, Mkushi na mhazini wa malkia, alikuwa akisoma Isaya garini na hakuona haya kukiri kwamba bila mtu wa kumweleza hataelewa. Roho ndiye aliyemtuma Filipo aende kumweleza.

Lakini sijaandika haya kwa ajili ya ushindani wa mistari. Nimeandika kwa ajili ya makaburi yetu. Mwezi wa Septemba 1996 raia Banyamulenge waliuawa Baraka, Lweba na Mboko. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, waasi na majeshi ya kigeni waliokuwa pamoja nao waliua watu zaidi ya 800 Makobola na vijiji jirani, kwa hesabu ya ripoti ambayo Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2010. Kulikuwa na makamanda. Kulikuwa na amri. Hata leo dhahabu ya Misisi inatoka na kuna wanaonufaika nayo, na kwenye vizuizi vya barabarani kuna mtu anayeshika pesa ya mama aliyebeba mihogo, na mtu huyo ana mkubwa wake. Mhubiri akisimama juu ya makaburi hayo na kusema ni laana ya Hamu, amewafutia hatia wote hao kwa neno moja. Hakuna wakili aliyewahi kuwafanyia kazi nzuri kuliko hiyo, tena bure, tena katika jina la Bwana.

Anayetaka kuhubiri juu ya mateso ya Fizi ana Amosi huyohuyo, sura ya 1 na ya 2. Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, Yuda, Israeli: kila mmoja anasomewa kosa lake. Gaza inashtakiwa kwa kuwachukua mateka watu wa miji mizima na kuwauza Edomu, Amoni kwa kuwapasua matumbo wanawake wajawazito ili apanue mipaka yake, Israeli kwa kumuuza maskini kwa bei ya viatu. Katika orodha hiyo nzima hakuna hata mmoja anayeambiwa kwamba anateseka kwa sababu babu yake alimwona baba yake uchi.