SHABA IMEKWENDA, VIFUSI VIMEBAKI

Ndugu wafanyakazi,

Wako wasemao kwamba mgodi wa Kilembe, Uganda, si shauri letu sisi watu wa Mombasa. Si kweli! Reli ilifika Kasese mwaka 1956. Shaba iliyeyushwa Jinja, tukaivuta sisi watu wa reli, na makuli wa Kilindini wakaipakia melini.

Mgodi ulifungwa mwaka 1982. Faida ilikwisha vuka bahari. Vifusi vyenye sumu vimebaki kando ya mto Nyamwamba, na mto ukifurika, kama mwaka 2013, huvisomba hata kwenye mashamba ya wanyonge.

Aliyekula nyama aondoe mifupa! Atakaye kuufungua tena, kwanza ausafishe mto. Bila hivyo, tusikubali kuvuta hata behewa moja.

Umoja ni nguvu.